Kontena Livujalo: Maji Huingilia Wapi?

Mtu akivuka feri kwenda Likoni, au akifuata barabara ya Changamwe kuelekea Miritini, au akipita daraja la Nyali kwenda Kisauni, hataenda mbali kabla ya kuona kontena lililogeuzwa duka. Moja ni la mshonaji nguo, la pili lauza unga na sukari, la tatu ni la kinyozi, na la nne lina kitanda na pazia, maana mwenyewe hulala humo humo. Si ajabu kuwa hivyo. Bandari ya Kilindini i karibu, na makontena yaliyomaliza kazi yake baharini huuzwa kwa bei ambayo mtu mwenye akiba ndogo aweza kuifikia upesi kuliko gharama ya kujenga chumba cha mawe.

Lakini kila masika yanapofika, malalamiko ni yale yale: "Nimenunua kontena zima, nimelipaka rangi, nimelitia madirisha, na tazama, linavuja!" Mwandishi wa habari hizi aliyasikia maneno hayo nyumbani kwake mwenyewe, kutoka kinywani mwa shemeji yake, ndugu wa mkewe, ambaye ana duka Likoni. Alikuwa ametia akiba yake yote katika sanduku lile la chuma. Fundi alimkatia madirisha mawili, na tundu refu la kuuzia bidhaa mbele. Duka likapendeza. Mvua za kwanza za Aprili ziliponyesha, alifungua mlango asubuhi akakuta mabunda manne ya unga yamelowa chini kabisa, na gunia la sukari limekuwa kama uji. Unga ule alikuwa ameuchukua kwa mkopo.

Alifanya lile ambalo wengi hulifanya. Alitazama juu, akaona tone la maji likining'inia katikati ya dari, akasema, "Paa limetoboka." Akanunua lami, akapanda juu, akalipaka paa lote. Mvua iliyofuata ilitonea pale pale. Faida pekee aliyoipata ni kwamba paa jeusi lilivuta jua zaidi, na duka likawa tanuri mchana kutwa.

Kosa lake halikuwa uvivu wala ujinga. Kosa lilikuwa kudhani kwamba maji huingilia pale yanapotonea. Ili kuufahamu mkasa huo, yafaa kwanza tujue sanduku hili liliundwa kwa kazi gani.

Tarehe 26 Aprili 1956, meli iitwayo Ideal X iling'oa nanga katika bandari ya Newark, Marekani, ikaenda Houston ikiwa imebeba mabodi 58 ya trela yaliyotenganishwa na magurudumu yake. Mwenye shauri hilo alikuwa Malcom McLean, mtu wa biashara ya malori, aliyechoka kuona mizigo ikipakuliwa gunia moja moja kutoka lori kwenda melini. Basi kontena kwa asili yake ni trela isiyo na magurudumu. Makontena tuyaonayo leo ya futi 20 yana urefu wa mita 6 na kidogo, na upana wa karibu mita mbili na nusu. Uzito wote hubebwa na nguzo nne za pembeni pamoja na kiunzi chake. Mbavu na paa ni bati la chuma lenye matuta na mabonde, ambalo unene wake ni milimita 2 tu au pungufu. Nguzo zile zaweza kubeba makontena mengine mengi yaliyojazwa mizigo, lakini paa halikukusudiwa kubeba kitu ila mtu mmoja au wawili watembeao juu yake kwa uangalifu.

Sanduku hilo linapoundwa, kila kiungo huchomelewa mfululizo bila kuacha nafasi, na milango huzungushiwa mpira. Kisha hupigwa maji kwa nguvu katika viungo vyake vyote, na ndani pakipatikana hata tone, halipiti. Kwa hiyo kontena zima, lisilopondeka wala kuliwa na kutu, haliingizi maji. Limepita katika dhoruba za bahari kuu nalo halikulowesha mzigo. Itakuwaje basi livuje Likoni?

Jibu ni kwamba mara nyingi livujalo si lile sanduku, bali ni matundu tuliyolikata sisi.

Tazama nyumba ya Kiswahili ya zamani. Iwe ya makuti au ya mabati, paa lake lina mteremko mkali, na huja mbele ya ukuta kufanya upenu. Maji yakianguka kutoka upenuni huanguka mbali na ukuta, tena mbali na dirisha. Wazee wetu walifahamu hayo bila kuandikiwa kitabu. Kontena halina upenu. Paa lake ni karibu sawa kabisa, na maji yote yalianguliayo hushuka kwa kuufuata ubavu, kama jasho lishukavyo usoni. Melini jambo hilo halina madhara, maana ubavuni hamna dirisha. Lakini ukikata dirisha katika ubavu ule, umeweka mdomo wazi katikati ya mfereji. Maji yote ya nusu ya paa hupita juu ya kizingiti chake, nayo hutafuta njia ya kuingia usiku na mchana.

Tena maji hayahitaji tundu kubwa. Weka vioo viwili pamoja, chovya ukingo wake katika maji, utaona maji yakipanda katikati yake yenyewe. Hivyo ndivyo yafanyavyo kati ya fremu ya dirisha na bati: hupanda, huvuka, kisha hushuka upande wa ndani. Na kwa kuwa bati lina mabonde na fremu imenyooka, mahali pa kila bonde huachwa mwanya. Fundi mwenye haraka huuziba mwanya huo kwa silikoni, akaondoka na fedha zake. Silikoni haishiki juu ya kutu, wala juu ya mafuta, wala juu ya vumbi la grinda. Miezi michache ya jua la pwani ikipita, huachana na chuma kama gamba la kidonda.

Upepo nao una neno lake. Msomaji wa pwani hana haja ya kuambiwa kwamba mvua kubwa za masika, ambazo kilele chake hapa Mombasa ni mwezi wa Mei, huja pamoja na kusi. Mvua hiyo haianguki wima, hupiga kwa ubavu kutoka upande wa bahari. Dirisha lielekealo kusini au kusini mashariki hupata mapigo yote. Mwenye kuweka kontena jipya afadhali aulize kusi yatokea wapi kabla hajauliza wateja watapita wapi; au kama barabara iko upande huo na hapana budi duka liielekee, basi upenu uwe mrefu.

Sasa, jinsi ya kutafuta. Kabla ya kushika brashi au kopo lolote, chagua siku kavu yenye jua kali. Ingia ndani, funga milango na madirisha yote, ziba kwa nguo nyeusi popote penye kioo, kisha simama gizani kwa dakika chache mpaka macho yazoee. Nuru ikipenya mahali, hata kama ni nukta moja ndogo kuliko punje ya mtama, hapo tia alama kwa chaki. Wakaguzi wa makontena bandarini hufanya hivyo hivyo, wala hakuna chombo cha kununua. Ikiwa umekwisha kufunika mbavu za ndani kwa mbao za plaiwudi, itakulazimu kuzifungua upande ule unaoshuku. Maji huteremka nyuma ya mbao, hufuata tuta la bati, husafiri hatua tatu au nne, ndipo yatokee mahali pasipo na hatia yo yote.

Nuru isipoonekana, tumia maji. Watu wawili wahitajika: mmoja nje mwenye mpira wa maji, mwingine ndani mwenye chaki. Anza chini, kwenye kizingiti cha chini cha dirisha, na umwagie mahali pale pale muda wa dakika kumi hivi. Kama ndani pakavu, panda kwenye miimo, kisha kwenye kizingiti cha juu, kisha paani. Yule aanzaye juu hupoteza kazi yake, kwa sababu maji ya paani hushuka na kulowesha kila mahali pamoja, naye hatajua ni wapi yalipoingilia. Pasipo na bomba, ndoo na kata zatosha, ila uvumilivu uwe mwingi. Tulipofanya hivi katika duka la shemeji yangu, tone la katikati ya dari lilitokea tulipomwagia kizingiti cha juu cha dirisha la kusini, mbali na lami yake yote. Maji yaliingia nyuma ya mbao, yakaufuata waya wa taa, yakatembea juu ya dari, yakatonea pale taa ilipofungwa.

Habari hiyo ya waya isipitwe upesi. Sanduku hili lote ni chuma. Waya wa umeme ulio na ngozi iliyochubuka ukigusana na maji na bati, duka zima laweza kuwa na umeme, na mwenye kushika mlango kwa mkono uliolowa akafa papo hapo. Kwa hiyo maji yakionekana karibu na taa au swichi, zima umeme kwanza, usitafute jingine. Na fundi wa umeme aliyehitimu aunganishe kiunzi cha kontena na ardhi kwa waya wake, aweke na chombo cha kukata umeme wenyewe pindi kuna hitilafu. Nyaya zipite ndani ya mabomba ya plastiki, wala zisipigiliwe wazi juu ya bati.

Kuna jambo jingine ambalo hudanganya watu wengi, nalo ni jasho la bati. Usiku bati hupoa, na hewa ya ndani, iliyojaa pumzi za watu, mvuke wa chai na unyevu wa bahari, ikiligusa hugeuka kuwa matone. Mabaharia wanalijua jambo hili tangu zamani, kwani laweza kuharibu shehena ya kahawa au kakao ndani ya kontena lisilo na tundu hata moja. Mtu akiona matone alfajiri dari nzima, na usiku haikunyesha, hilo si vujo. Akitaka kuhakikisha, na abandike kipande cha karatasi ya nailoni kwenye bati kwa utepe wa gundi pande zote nne. Matone yakitokea juu ya nailoni, upande unaotazama chumba, ni jasho. Yakitokea nyuma yake, kati ya nailoni na bati, maji yanatoka nje. Dawa ya jasho si kuziba. Ni kinyume chake. Kontena lina vitundu vidogo vya hewa sehemu ya juu ya mbavu, navyo ni mara nyingi huzibwa kwa rangi na mafundi wetu. Vifunguliwe. Ongeza vingine vyenye wavu na kifuniko, viwili vikielekeana, ili upepo upite.

Tukirudi kwenye vujo lenyewe, kanuni kubwa ni kuzibia nje. Azibaye kwa ndani huyafungia maji kati ya gundi na chuma, na humo kutu hula kimya kimya mpaka bati lote litoboke. Ondoa silikoni yote ya zamani kwa kisu na tindo. Mpya haishiki juu ya kuukuu. Kwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, kisha futa mafuta. Hapo kiungo cha fremu na bati kichomelewe mfululizo, ndipo kipakwe rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, iliyo na zinki ikipatikana. Mafundi wengine huchomelea nukta nukta, kidole hapa na kidole pale, na kujaza nafasi kwa puti. Usikubali kazi hiyo. Fremu ikiwa ya alumini haiwezi kuchomelewa na chuma. Kati yake patiwe ukanda wa mpira, maana metali hizo mbili zikigusana penye chumvi ya bahari, moja huliwa. Kumbuka pia kwamba moto wa kuchomelea huunguza rangi upande wa pili wa bati. Upande huo nao ukwanguliwe upakwe rangi siku ile ile.

Na cheche za grinda! Ni vumbi la chuma chenye moto, hutua juu ya paa na kujikita katika rangi, na kwa hewa yetu ya chumvi baada ya siku chache kila chembe huwa doa la kutu. Shemeji yangu alikuwa na madoa kama hayo mia na zaidi, akadhani ameuziwa kontena bovu. Kazi ya kukata ikimalizika, paa na mbavu zifagiwe na kuoshwa kabla ya jua kutua.

Juu ya kila dirisha weka kikofia cha bati kitokezacho kiasi cha shibiri, chenye mteremko, na ukingo wake ukunjwe chini ili maji yaanguke badala ya kurudi ukutani. Kizingiti cha chini nacho kiinamie nje. Lakini likiwezekana, lililo bora kuliko yote ni kulijengea kontena paa la pili: miti au mabomba ya chuma yaliyosimamishwa juu ya nguzo za pembeni, na mabati yenye mteremko, yakitokeza nusu mita kila upande. Hapo umelirudishia nyumba upenu wake. Mvua hailigusi tena sanduku, na hewa ipitayo kati ya mapaa mawili hupunguza joto la mchana, jambo ambalo wateja hulishukuru hata wakati wa kaskazi. Makuti nayo yafaa kwa ubaridi, ila yasikaribiane na jiko wala na fundi wa kuchomelea.

Namna kontena linavyokaa chini ni muhimu kuliko watu wafikirivyo. Likae juu ya mawe au zege katika pembe zake nne, mbali na udongo, kwa sababu sakafu yake ni mbao na maji ya chini huiozesha. Pembe moja ikizama, kiunzi hupotoka, milango haifungi sawasawa, na mpira wake huacha mwanya. Upande wa mlango uinuliwe vidole viwili au vitatu ili maji ya paani yaelekee nyuma. Wala paani pasiwekwe matairi mabovu, ndoo za mchanga au mitungi ya maji. Bati hubonyea, dimbwi hukaa, na dimbwi likikaa kutu hufuata.

Wenye magari ya kukokota nyumba ndogo za magurudumu huko Marekani na Ulaya nao hulalamika kwamba nyumba hizo huvuja zingali mpya, na sababu ni ile ile: dirisha, tundu la hewa, kiungo cha paa. Zao hutikiswa njiani mpaka gundi ikaachia. Yetu hukatwa na kuachwa wazi. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa huko hupewa hati ya dhamana, naye hurudisha nyumba ile kwa muuzaji mapema kabla muda haujaisha.

Hapa kwetu mapatano mengi ni ya mdomo, na hapo ndipo fedha hupotea. Anunuaye kontena asilipe kabla ya kuingia ndani na kufunga milango kuitafuta nuru, kupanda kulitazama paa, na kusoma kibao cha chuma kilichopigwa mlangoni, ambacho huonyesha mwezi na mwaka lilipoundwa. Maana rangi mpya hufunika mengi. Na atiaye fundi kazini aandikiane naye, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari: matundu mangapi, yachomelewe namna gani, na sehemu ya malipo izuiliwe mpaka kazi imwagiwe maji mbele ya wote wawili. Fundi mwema hatakataa. Kenya ina Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012, na Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Lakini mdai asiye na karatasi ana kazi ngumu mbele yake.

Shemeji yangu hakuwa na karatasi. Fundi wake alipoitwa alisema madirisha yalikuwa mazima siku alipoyakabidhi, na pengine alisema kweli, kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na mvua. Gharama ya kutengeneza upya aliilipa mwenyewe, na deni la unga lilimchukua mpaka Agosti. Mwezi wa Mei mwaka uliofuata nilivuka kwenda kumtazama, kusi likipiga na feri ikiyumba. Paa la pili lilikuwa limekwisha kuwekwa. Aliniketisha chini ya upenu, juu ya benchi ambalo sasa majirani wamelifanya baraza yao, maji yakianguka mbele yetu kama pazia. Ndani, mabunda ya unga yalikuwa juu ya chaga za mbao, shibiri moja kutoka sakafuni. Nilimwuliza kwa nini bado ameyainua, madhali havuji tena. Alinijibu kwamba masika hayajaisha.